Redio Haikuhifadhi Utoto wa Waayalandi, Iliujenga

Mwaka huu wa 2026 redio ya taifa ya Ayalandi inatimiza miaka 100. Kituo cha 2RN kilianza kurusha matangazo yake mjini Dublin Januari 1, 1926, kikafunguliwa kwa hotuba ya Douglas Hyde, msomi wa lugha ya Kiayalandi ambaye mwaka 1938 alikuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Kama ilivyo ada ya maadhimisho ya aina hii, mengi yanayosemwa ni ya shukrani, na sehemu kubwa ya shukrani hizo inaelekezwa kwenye muziki wa jadi: fidla, filimbi, kodiani, na zile zumari za mfuko ambazo mpigaji huzijaza upepo kwa kiwiko. Simulizi lenyewe limezoeleka. Muziki wa kale wa vijijini ulikuwa ukifa, redio ikauokota na kuuweka mahali salama, na leo mzee akisikia mahadhi ya kaunti ya Clare hewani anarudishwa jikoni kwa mama yake, kwenye moto wa mboji iliyokaushwa, mwaka 1955. Ninaamini simulizi hili limeweka mkokoteni mbele ya punda. Redio haikuukuta utoto huo ukiwa tayari, ikaurekodi. Iliujenga yenyewe: kwa saa yake isiyobadilika, kwa sauti moja iliyoingia nyumba hadi nyumba kwa wakati mmoja, na zaidi ya yote kwa sababu mtoto aliyekuwa chini ya meza hakuwa na hiari ya kuchagua anachosikia. Tusipolielewa hili tutaendelea kudhani kwamba kuziweka rekodi kwenye intaneti ni sawa na kukitunza kile kinachowatoa machozi wazee wale, na maamuzi yanayofanywa sasa kuhusu redio yatakuwa yamepigiwa hesabu pungufu.

Tuanze na jinsi muziki wenyewe ulivyoishi kabla ya redio. Sehemu kubwa ya muziki wa jadi wa Ayalandi ni wa kuchezewa. Kila lahani ina mwendo unaolingana na hatua za miguu, na mpiga fidla wa kijijini alipimwa kwa uwezo wake wa kuwainua watu vitini. Mahali pake palikuwa nyumbani. Jioni za baridi majirani walikusanyika katika nyumba moja, meza ikasogezwa ukutani, na ngoma ikaendelea hadi usiku wa manane. Vivyo hivyo kwenye harusi, na kwenye mikesha ya kumuaga kijana anayepanda meli kwenda Amerika. Mtoto wa enzi hizo aliujua muziki kwa kumtazama mtu anayemjua kwa jina akiupiga. Hakuwa na kumbukumbu ya muziki wa Ayalandi kwa ujumla wake. Alikuwa na kumbukumbu ya mjomba wake na ya wapigaji wa bonde lao, na yawezekana hakuwahi kusikia mpigaji wa kaunti ya tatu kutoka kwao mpaka anazeeka.

Kisha yakaja mambo mawili katika muongo mmoja. La kwanza ni sheria. Mwaka 1935 bunge la Ayalandi lilipitisha sheria ya kumbi za dansi iliyotaka kila ngoma ya hadhara iwe na leseni ya mahakama. Maaskofu walikuwa wameisukuma kwa nguvu, wakihofia maadili ya vijana, na ingawa haikuzitaja waziwazi ngoma za nyumbani, mapadri na polisi katika maeneo mengi waliitumia kuzivunja. Junior Crehan, mpiga fidla wa Clare aliyezaliwa mwaka 1908, alieleza kwa uchungu maisha yake yote jinsi nyumba za ngoma zilivyonyamaza na vijana wakahamishiwa kwenye kumbi zilizosimamiwa na parokia. Kumbi ni kubwa, na fidla moja haisikiki humo. Ndipo zikastawi bendi za céilí, yaani za ngoma za kijamii za Kiayalandi, zenye fidla kadhaa, filimbi, kodiani, piano na ngoma za kisasa, zilizoweza kuujaza ukumbi kwa sauti. La pili ni mtambo wa Athlone. 2RN ilikuwa ikisikika vizuri Dublin na kandokando yake tu, lakini mwaka 1932, kwa ajili ya Kongamano la Ekaristi, serikali ilisimamisha mtambo wenye nguvu katikati ya nchi, na kuanzia hapo mashamba ya magharibi yakaanza kuipata redio ya taifa. Kwa hiyo muda uleule ambao ngoma ilikuwa ikifukuzwa jikoni, muziki ulikuwa ukiingia jikoni humohumo kupitia kisanduku cha mbao. Hili halitajwi sana katika hotuba za maadhimisho, nami naona ndilo fundo la kisa chote. Redio ilikikuta chumba kikiwa kimepokonywa wachezaji wake, ikakifanya chumba cha kusikilizia.

Na namna yenyewe ya kusikiliza ilitokana na uhaba. Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1946, ukachukua miaka mingi kufika pembezoni. Kabla yake redio ya shambani iliendeshwa kwa betri, mojawapo ikiwa ya majimaji yenye asidi, ambayo ilibidi ibebwe hadi dukani au gereji kuchajiwa, mara nyingi na mtoto aliyeonywa asiinamishe chombo. Betri hiyo haikuchezewa. Redio iliwashwa kwa taarifa ya habari, kwa mechi za michezo ya jadi ya Ayalandi ambazo Micheál O'Hehir alianza kuzitangaza mwaka 1938, na kwa kipindi cha muziki. Kisha ikazimwa. Anayetaka kujua kwa nini mahadhi fulani yameshikamana na Jumamosi usiku au Jumapili asubuhi katika vichwa vya watu wa rika fulani, aanzie kwenye betri hiyo. Saa ya kipindi ilikuwa saa ya nyumba nzima kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Hapo ndipo wanaingia watu waliotajwa sana mwaka huu, na wanastahili kutajwa. Séamus Ennis, mpiga zumari wa kaskazini mwa Dublin, alizunguka kwa baiskeli kati ya mwaka 1942 na 1947 akikusanya nyimbo kwa niaba ya Tume ya Ngano na Mila za Ayalandi, akiziandika kwa kalamu. Mwaka 1947 alihamia Radio Éireann, kama kituo kilivyoitwa wakati huo, akawa anazunguka na gari la kurekodia. Mwaka 1951 alichukuliwa na BBC. Ciarán Mac Mathúna aliingia Radio Éireann mwaka 1954, akaanza kulipeleka gari hilo Clare, Kerry, Sligo na kwingineko, na akaja na vipindi viwili vilivyopendwa sana katika muongo ule, Ceolta Tíre na A Job of Journeywork. Kuanzia mwaka 1970 hadi 2005 alitangaza Mo Cheol Thú kila Jumapili asubuhi: miaka 35 ya sauti ileile ya taratibu, muziki, mashairi na nyimbo, wakati nchi nzima ikijiandaa kwenda Misa au ikirudi kutoka Misa. Aliporekodi katika nyumba ya Clare, familia ile ilisubiri wiki kadhaa kujisikia hewani, na jioni hiyohiyo familia ya Donegal isiyowahi kufika Clare ikawasikia. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na utoto wenye mahadhi ya Clare, Sligo na Kerry kwa pamoja. Mzee wa leo anayesema kwamba muziki wa jadi wa Ayalandi unamrudisha utotoni anasema kweli, ila utoto huo wenye upana wa nchi nzima uliwezekana kwa mara ya kwanza kwa kizazi chake, na uliwezekana kwa waya na mtambo.

Kuna utafiti unaotusaidia hapa, ingawa haukuhusu Ayalandi. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa umri wa miaka 20 hivi, kwa kuwasikilizisha nyimbo zilizotamba Marekani tangu mwaka 1955. Ilitarajiwa kwamba vijana wangeguswa zaidi na nyimbo za ujana wao wenyewe. Waliguswa nazo kweli, lakini kumbukumbu na hisia zao zilipanda tena kwa nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na tena kwa nyimbo za miaka ya 1960. Hawakuwa wamezaliwa. Watafiti walieleza kwamba muziki wa wazazi ulikuwa ukipigwa nyumbani watoto wakiwa wadogo. Maana yake kwa hoja yangu ni hii: kumbukumbu ya muziki inayodumu haitokani tu na kile tulichokichagua tukiwa na umri wa kuchagua. Sehemu yake kubwa inatokana na kile ambacho wakubwa walikichagua mbele yetu tukiwa tunafanya mambo mengine. Mtoto anacheza na gololi, mama anakanda mkate, muziki unapita katikati yao. Hakuna anayemfundisha mtu chochote, na ndiyo sababu unaingia.

Nilipokuwa nikiishi Birmingham nilikuwa na jirani, bibi wa kaunti ya Mayo aliyevuka maji akiwa msichana. Jumamosi usiku alikuwa akitegea kipindi cha céilí kutoka Dublin, sauti ikipanda na kushuka kwa makelele ya hewani, na alikuwa akinieleza kuhusu viatu. Baba yake alivipanga viatu vya watoto wote mezani, akavipiga rangi kwa ajili ya Misa ya asubuhi, na brashi ilikwenda na mwendo wa fidla. Nilipomuuliza jina la lahani iliyokuwa ikipigwa hakulijua, wala hakuona kuwa swali langu lina maana yoyote. Alichokuwa akikumbuka ni Jumamosi.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa sababu hoja zao hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba hamu hii ya utoto ni hamu ya Ayalandi ya Éamon de Valera, waziri mkuu wa wakati huo, ile aliyoichora katika hotuba yake ya redio ya Machi 17, 1943, alipowazia nchi ya watu wanaoridhika na maisha ya kiasi, mashamba yenye raha na vijana wenye afya. Wakosoaji wanasema, na wana haki ya kusema, kwamba nchi halisi nyuma ya hotuba hiyo ilikuwa ya ufukara, vitabu vilivyopigwa marufuku, wasichana waliofungiwa katika taasisi za kidini, na uhamiaji: katika miaka ya 1950 pekee watu wapatao 400,000 waliondoka, na sensa ya mwaka 1961 ilikuta watu milioni 2.8 tu katika jamhuri. Kwa hiyo, wanahitimisha, anayelengwalengwa na machozi kwa fidla ya redioni anaililia nchi iliyowatesa watu wake. Hitimisho hili haliko kwenye ushahidi wao. Walio wengi kati ya wanaolia ndio haohao waliofukuzwa na ufukara huo. Waliondoka na sanduku moja wakaenda kujenga barabara na kuuguza wagonjwa Uingereza, na hawahitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba nyumbani kulikuwa na njaa. Mtu anaweza kuichukia nchi iliyomwondoa na bado akaipenda saa moja ya Jumamosi usiku ambamo baba yake alikuwa hai na hana hasira. Kuvichanganya vitu hivi viwili ni kuwanyima wazee hao akili. Isitoshe, sehemu kubwa ya muziki uliopigwa kwenye vipindi hivyo ulipigwa na watu ambao Kanisa na serikali viliwatazama kwa shaka. Wapiga zumari wa jamii ya wasafiri, waliolala kandokando ya barabara na kukataliwa milangoni, ndio waliobeba baadhi ya mitindo inayoheshimiwa kuliko yote leo. Utoto huo haukuwa mali ya de Valera.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na inatoka kwa wanaoujua muziki wenyewe. Wanasema redio iliua tofauti. Kila eneo lilikuwa na lafudhi yake ya fidla: Donegal upinde mfupi na mkali, Sligo mapambo mengi na mbio, Clare mashariki upole wenye huzuni. Ilipokuja sauti moja kwa wote, kila mtu akataka kupiga kama aliyesikika hewani. Ni kweli, ila mchakato ulianza kabla ya redio kushika kasi. Michael Coleman, mzaliwa wa Killavil huko Sligo mwaka 1891, alihamia Amerika mwaka 1914 na kurekodi santuri nyingi New York katika miaka ya 1920 na 1930. Santuri hizo zilirudi Ayalandi ndani ya vifurushi vya ndugu, na wapiga fidla wa kaunti za mbali wakaketi mbele ya gramafoni wakijifunza mapambo ya Sligo noti kwa noti, wengine wakaacha ya kwao. Kuna pia Seán Ó Riada, mtunzi aliyetumia redio hiyohiyo kuishambulia ladha ya redio: katika mfululizo wake wa vipindi wa mwaka 1962 alizifananisha bendi za céilí na inzi anayevuma ndani ya chupa ya jamu iliyofunikwa. Kundi lake la Ceoltóirí Chualann lilionyesha njia nyingine, kila ala ikisikika peke yake, na kutoka humo Paddy Moloney akaunda The Chieftains mwaka 1962. Naikubali hoja hii kwa sehemu kubwa, na naona inautia nguvu msimamo wangu. Kama redio na santuri vilikuwa na uwezo wa kubadilisha hata jinsi mkono wa mpigaji unavyoshika upinde, basi hatuwezi kuendelea kuvieleza kama ghala lililotunza kitu bila kukigusa. Yaliyokuja kuitwa ya kale yalikuwa yakitengenezwa upya mbele ya macho ya watu. Hata ule mkusanyiko wa baani ambao watalii huuona kama desturi ya tangu na tangu, wapigaji wakizunguka meza na bia zao, ulishamiri kwanza miongoni mwa wahamiaji katika baa za Camden na Kentish Town, London, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu vyumba vyao vya kupanga havikuwa na jiko la kuwakusanya majirani.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nami sina hamu ya kuipuuza. Inasema hivi: hofu ya nini, ikiwa muziki haujawahi kuwa na afya kama leo? Chama cha wapiga zumari, Na Píobairí Uilleann, kilipoanzishwa mwaka 1968 wapigaji waliosalia hawakufika mia. Leo chombo hicho kinafundishwa katika nchi nyingi, na mwaka 2017 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu, kikifuatwa na kinubi mwaka 2019. Tamasha la Fleadh Cheoil, lililoanza kwa udogo mjini Mullingar mwaka 1951, sasa linavuta mamia ya maelfu ya watu. Shule ya kiangazi ya Miltown Malbay, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa heshima ya mpiga zumari Willie Clancy, hujaza mji mzima kila Julai. Kundi la Lankum la Dublin lilifika orodha ya tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya Uingereza na Ayalandi, mwaka 2023 kwa muziki mzito uliochimbwa kutoka humohumo. Hifadhi ya Muziki wa Jadi ya Ayalandi, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1987, imeweka hazina yake mbele ya yeyote mwenye intaneti. Kijana wa leo anaweza kumsikia Coleman saa nane za usiku akiwa kitandani. Ni jambo la kushangilia, na mtu yeyote anayesema muziki huu unakufa hajui anachokisema.

Lakini hoja hiyo inajibu swali ambalo sikuliuliza. Swali langu halihusu kama muziki utaishi. Linahusu ni nani atakayeukuta ndani ya utoto wake bila kuutafuta. Anayeingia kwenye hifadhi ya mtandaoni tayari anajua kwamba kuna kitu cha kutafutwa. Ni mtoto wa wapigaji, au mwanafunzi, au mtu mzima aliyepitiwa na hamu. Shule za muziki zinafanya kazi kubwa, ila zinampata mtoto ambaye mzazi wake ameamua kulipa ada na kumsubiri nje. Yule mwingine, ambaye nyumbani kwao hakuna apigaye chochote, zamani aliupata muziki huu kwa sababu redio ilikuwa moja na ilikuwa jikoni. Leo kila mmoja ana vipokea sauti vyake masikioni, na programu ya simu inampa kile kinachofanana na alichokisikiliza jana. Baba anaweza kuwa anamsikiliza Willie Clancy kwenye kiti kile kile na binti yake aliye mita moja kutoka kwake asijue. Hakuna aliyefanya ubaya. Ni mpangilio mpya wa sauti ndani ya nyumba, na matokeo yake ni kwamba muziki wa mzazi haumfikii tena mtoto kwa bahati.

Ndiyo maana naona kufungwa kwa masafa marefu ya redio ya kilohezi 252 kulizungumzwa vibaya na pande zote mbili. RTÉ, shirika la utangazaji la taifa la Ayalandi, ilitangaza mwaka 2014 kwamba ingezima mtambo wa Clarkstown, kaunti ya Meath, uliokuwa ukiibeba Radio 1 hadi Uingereza; Waayalandi wazee wa huko wakapinga, mpango ukaahirishwa mara kadhaa, na hatimaye mtambo ukazimwa Aprili 14, 2023. Shirika lilikuwa na sababu za kweli: mtambo mkuukuu, umeme mwingi, na fedha chache. Watetezi nao walibaki kwenye suala la kupatikana kwa matangazo, kwamba bibi wa miaka 85 hawezi kutumia simu janja. Jibu likawa rahisi: mnunulieni kifaa, mfundisheni. Wengine walifundishwa na wakaweza. Hata hivyo kilichopotea si matangazo yenyewe, kwa kuwa hayo yako kwenye intaneti na kwenye televisheni. Redio ile ilikuwa imewekwa kwenye masafa yale miaka mingi, haikuguswa, na mjukuu aliyekuja kutembea Jumamosi aliikuta ikiongea. Kifaa kipya ni cha bibi peke yake, kinazungumza anapokiamuru. Katika mjadala mzima sikusikia mtu akimtaja mjukuu huyo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hali hii. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, wakati uleule Coleman akirekodi New York, na sauti zao zote mbili zilirudi nyumbani kwa meli zikabadilisha kilichohesabiwa kuwa muziki wa kwao. Na walio wengi kati yetu tunaozijua zilipendwa hatukuzinunua. Zilitukuta kwenye redio ya mtu mwingine.

Nini kifuatie, basi? Kwanza, vituo vya umma viache kuipima thamani ya kipindi cha muziki wa jadi kwa idadi ya watakaokitafuta baadaye kama podikasti. Kipindi chenye saa maalumu, kinachosikika bila kuombwa, ni huduma tofauti na rekodi iliyohifadhiwa, hata kama nyimbo ni zilezile. Raidió na Gaeltachta, redio ya umma ya lugha ya Kiayalandi iliyoanza Jumapili ya Pasaka, Aprili 2, 1972, baada ya vijana wa Connemara kurusha matangazo bila kibali miaka miwili kabla, ni mfano ulio hai: muziki umo katikati ya matangazo ya vifo, bei za mifugo na habari za bandarini, hivyo anayewasha redio kwa ajili ya tanzia ya jirani anaondoka na wimbo. Hiyo ndiyo njia ambayo muziki uliwafikia watoto wa miaka ya 1950, na inaweza kuigwa na kituo chochote cha kaunti kwa gharama ndogo. Pili, hifadhi za sauti zipewe nafasi hewani na si bajeti ya uhifadhi tu. Rekodi za gari la Mac Mathúna zilitengenezwa ili zisikike siku fulani saa fulani na watu wengi kwa pamoja, na kuziacha kwenye seva zikisubiri mtafiti ni kuzitumia nusu.

Najua jibu la wahasibu. Watasema kipindi kama hicho hakina wasikilizaji wa kutosha Jumapili asubuhi, na watatoa takwimu za utafiti wa usikilizaji wa JNLR, ambao ndio unaotumiwa na sekta nzima ya redio Ayalandi. Utafiti huo huwahoji watu wa kuanzia miaka 15. Mtoto wa miaka saba anayekula mkate jikoni wakati mama yake amewasha redio hahesabiwi kuwa msikilizaji. Hakuhesabiwa mwaka 1955 pia, wala mwaka 1970, na ndiye huyohuyo ambaye leo, akiwa na miaka 63 au 78, anasimama katikati ya sebule yake kwa sababu fidla imeanza kulia.